Kioo, Hitilafu na Dhamana: Istilahi za Kompyuta Iliyoingia Giza

Miongoni mwa hati zinazoletwa kwa watafsiri na wakuza istilahi ili zisahihishwe, hati za dhamana za vyombo vya umeme ndizo zinazodharauliwa kuliko zote. Mkataba wa serikali husomwa mara tatu na watu watatu. Hati ya dhamana ya kompyuta hutafsiriwa jioni moja, ikachapwa kwa herufi ndogo, ikatiwa ndani ya kasha. Hata hivyo hati hiyo ndogo humgusa mwananchi moja kwa moja. Siku chombo kinapokataa kufanya kazi, maneno yaliyomo ndiyo yatakayoamua iwapo mnunuzi atatengenezewa bure, atalipa, au atarudi nyumbani na chombo kibovu.

Makala haya yanakusudia kuyachunguza maneno hayo kwa kufuata tatizo moja linalojulikana sana: kompyuta inayowashwa, taa zake zikawaka, lakini skrini ikabaki nyeusi. Tatizo hili linafaa kwa uchunguzi wa istilahi kwa sababu dalili yake ni moja, ilhali vyanzo vyake ni vingi. Na kila chanzo kina jina lake, na kila jina lina matokeo yake mbele ya muuzaji.

1. Chombo na sehemu zake

Jina la chombo chenyewe limekwisha kuzungumzwa sana, nasi hatutalirudia ila kwa ufupi. Yalipata kupendekezwa maneno 'ngamizi' na 'tarakilishi'. Nchini Kenya 'tarakilishi' limeshika mizizi katika vitabu, likazaa 'kipakatalishi' kwa maana ya kompyuta ndogo ya kuchukulika. Nchini Tanzania 'kompyuta' ndilo lililoshinda, na ile ndogo ikaitwa 'kompyuta mpakato', ingawa watu wengi mitaani husema 'laptopu'. Maneno 'kipakatalishi' na 'mpakato' yote yamejengwa juu ya kitenzi 'pakata', yaani kuweka mtoto mapajani. Katika makala haya tutatumia 'kompyuta mpakato'.

Mwaka 2004 ilipotolewa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa na mradi wa Kilinux uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hatua kubwa ilipigwa katika istilahi za kutumia programu. Lakini maneno ya ubovu wa chombo hayakuwa sehemu ya kazi ile. Hayo yaliachwa mikononi mwa mafundi, nao wakafanya kama mafundi wa fani zote wafanyavyo: waliyachukua maneno ya kawaida wakayapa maana ya karakana. Jambo hilo si baya. Matata huanza pale neno la karakana linapoingia katika barua rasmi bila ya kufafanuliwa.

Neno la kwanza la namna hiyo ni 'kioo'. Fundi akisema 'kioo', aghalabu anakusudia sehemu nzima inayoonyesha picha. Lakini sehemu hiyo si kitu kimoja. Katika kompyuta nyingi mpo mambo manne. La kwanza ni kioo chenyewe au utando wa juu unaolinda. La pili ni paneli ya fuwele za kimiminika, ambayo hujenga picha kwa kuuzuia au kuupitisha mwanga. La tatu ni taa ya nyuma inayotoa mwanga huo, kwa kuwa fuwele hazing'ai zenyewe. La nne ni waya bapa unaopita katika bawaba na kuipelekea skrini picha na umeme kutoka katika bodi mama. (Ziko skrini za aina mpya zaidi ambazo kila nukta yake hutoa mwanga wake; hizo hazina taa ya nyuma.)

Sehemu yoyote katika hizi ikiharibika, skrini yaweza kuwa nyeusi. Lakini ya kwanza haiharibiki hivi hivi; huvunjika kwa kuangushwa, kubanwa au kupigwa. Ndiyo maana hati nyingi za dhamana huitaja peke yake na kuitoa nje ya ahadi. Kwa hiyo mtu akiandika 'kioo kimeharibika' akiwa na maana ya taa ya nyuma, amejitoa mwenyewe katika haki yake kwa neno moja.

Kwa sehemu nzima yapo maneno mawili, 'skrini' na 'kiwambo'. La pili latokana na 'wamba', kitenzi cha kukaza ngozi juu ya ngoma, nalo ni neno zuri. La kwanza linaeleweka na wengi zaidi. Lolote kati ya hayo lafaa. Lisilofaa ni 'kioo'.

2. Giza la namna gani?

Kabla ya kuandika lolote, mwenye kompyuta na apambanue giza alilo nalo. Hatua zifuatazo hazihitaji bisibisi, wala hazivunji lakiri ya kiwanda.

Kwanza, achunguze kama mashine ina uhai. Je, taa ya umeme inawaka? Feni inasikika? Akibonyeza kitufe cha herufi kubwa, kama kina taa, je, taa hiyo inawaka na kuzimika? Ikiitika, basi mashine inafanya kazi na giza ni la skrini tu.

Pili, aongeze mwangaza kwa vitufe vyake, kwani hutokea kwamba mwangaza umeteremshwa hadi mwisho.

Tatu, achomoe kichajio na kila kilichochomekwa. Ikiwa betri ni ya kutoka, aitoe. Kisha akibonyeze kitufe cha kuwashia kwa muda wa sekunde 30 hivi, ili umeme uliobaki ndani uishe, halafu arudishe kichajio na kuwasha upya. Kompyuta nyingi zilizodhaniwa zimekufa zimefufuka kwa hatua hii.

Nne, aingie mahali penye kiza na kuimulika skrini kwa tochi, mwanga ukija kwa upande. Akiona kivuli cha maandishi au picha hafifu, basi picha inafika katika paneli, na kilichokosekana ni taa ya nyuma au umeme wake.

Tano, aiunganishe kompyuta na televisheni au skrini nyingine. Picha ikionekana huko, bodi mama na kichakataji picha havina tatizo kubwa. Tatizo ni la paneli, la taa, la waya bapa, au la kihisio kinachoiambia kompyuta kwamba kifuniko kimefungwa. Isipoonekana popote, shaka yaelekea kwenye kumbukumbu ya muda, bodi mama au kichakataji picha.

Sita, kama kompyuta inatoa milio au taa inapepesa kwa hesabu maalumu, aihesabu na kuiandika. Hesabu hiyo ni lugha ya kiwanda, na maana yake imo katika kitabu cha maelezo.

Hapa pana jambo la sarufi lisilopasa kupuuzwa. Kitenzi 'zima' katika Kiswahili sanifu ni kitendo cha mtendaji: mtu huzima taa. Kitu kinachokoma kuwaka chenyewe 'huzimika'. Katika mazungumzo ya leo watu husema 'kompyuta imezima', nasi twawaelewa. Lakini katika ripoti ya ufundi tofauti zifuatazo ni za lazima: 'kompyuta ilizimwa', yaani mtu aliizima, 'kompyuta ilizimika', yaani ilikoma yenyewe, na 'skrini ilizimika', yaani mashine iliendelea kufanya kazi bila ya picha. Hizo ni habari tatu, na kila moja yampeleka fundi mahali pengine.

3. Barua iliyompoteza mwenyewe

Tutoe mfano wa barua iliyopata kuletwa kwetu na mwalimu mmoja wa sekondari. Alikuwa amenunua kompyuta mpakato yenye dhamana ya miezi 12. Katika mwezi wa saba skrini ilizimika, taa na feni zikaendelea. Alimpelekea fundi wa jirani, ambaye bila ya kuifungua aliiwasha, akaitazama, akasema kioo kimekufa, imeungua. Mwalimu aliliandikia duka: 'Kompyuta yangu imeharibika kioo. Nilipoipeleka kutengenezwa, fundi amesema imeungua. Naomba mnibadilishie.'

Duka lilijibu kwa ufupi kwamba dhamana haihusu kioo kilichovunjika, wala uharibifu utokanao na umeme, wala kompyuta iliyotengenezwa na mtu asiyekuwa mtengenezaji. Mwalimu alidhani amefanyiwa hila. Lakini ukizisoma barua zote mbili utaona kwamba karani wa duka alijibu yaleyale aliyoandikiwa. Maneno matatu yalimletea mwalimu makatazo matatu.

'Kioo' tumekwisha kulieleza. Kioo cha kompyuta ile hakikuwa na hata ufa.

'Imeungua' katika karakana ni jina la ubovu wowote wa kifaa cha elektroniki usioonekana kwa macho. Kwa karani, kuungua ni kuungua: umeme ulizidi, mteja hakutumia kilinda-umeme, basi kosa si la kiwanda. Hali kadhalika 'imepiga shoti'. Maneno haya hayafai kuandikwa na mtu yeyote ambaye hajaona alama ya moto au hajapima.

'Kutengenezwa' ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote, kwa sababu ubaya wake umo katika lugha yenyewe. Kitenzi 'tengeneza' kina maana mbili: kuunda kitu kipya na kurekebisha kilichoharibika. Kwa hiyo 'mtengenezaji' aweza kuwa kiwanda, na aweza kuwa fundi. Hati iliyosema 'isitengenezwe na mtu asiyekuwa mtengenezaji' imetumia shina moja kwa maana mbili katika sentensi moja. Naye mwalimu, aliyesema alipeleka kompyuta 'kutengenezwa', alikuwa na maana ya kuitazamisha tu.

Mwalimu alishauriwa aandike upya. Barua ya pili ilikuwa hivi: 'Tarehe iliyotajwa hapo juu skrini ya kompyuta hii ilizimika wakati wa matumizi ya kawaida. Taa ya umeme inawaka na feni inazunguka. Kioo hakina ufa. Kompyuta ikiunganishwa na televisheni, picha inaonekana. Haijafunguliwa, na lakiri zake ni nzima. Naomba ichunguzwe na fundi wenu, na matokeo ya uchunguzi yatolewe kwa maandishi.' Duka liliipokea. Uchunguzi ulionyesha kwamba waya bapa wa skrini ulikuwa umekatika ndani ya bawaba, ukabadilishwa bila ya malipo.

Msomaji ataona kwamba barua ya pili haina ukali wala haitaji sheria. Nguvu yake ni kwamba inaeleza dalili, na haimtangulii fundi kwa kutaja sababu.

4. Kasoro, hitilafu, uharibifu, uchakavu

Maneno haya manne hutumiwa na wengi kana kwamba ni mamoja. Katika hati ya dhamana kila moja linapaswa kukaa mahali pake.

'Hitilafu' ni hali ya chombo kutofanya kazi ipasavyo. Ni jina la dalili. Halisemi nani mwenye kosa. 'Kasoro' ni upungufu uliokuwamo tangu chombo kilipobuniwa au kuundwa, hata kama umejitokeza baadaye. 'Uharibifu' ni matokeo ya tendo au tukio la nje: kuangushwa, kumwagiwa maji, umeme kuzidi. 'Uchakavu' ni kupungua kwa ubora kunakotokana na matumizi na wakati. Mteja huripoti hitilafu. Uchunguzi huamua kama chanzo chake ni kasoro, uharibifu au uchakavu. Dhamana kwa kawaida hufidia kasoro peke yake.

Mpaka kati ya kasoro na uchakavu si rahisi wakati wote. Mfano mzuri ni ule wa kompyuta za MacBook Pro za inchi 13 za kampuni ya Apple. Baada ya kutolewa kwa toleo la mwaka 2016, baadhi ya wenye nazo waliona madoa ya mwanga chini ya skrini, na kisha taa ya nyuma ikazimika kabisa. Mafundi wa iFixit nchini Marekani walieleza kwamba waya bapa ulikuwa mwembamba na mfupi, ukikwaruzwa kila kifuniko kilipofunguliwa. Wakaonyesha pia kwamba katika toleo la 2018 waya huo ulirefushwa kwa milimita 2 hivi. Mwezi Mei 2019 Apple ilitangaza mpango wa kurekebisha bila ya malipo skrini za kompyuta hizo zilizouzwa kati ya Oktoba 2016 na Februari 2018.

Je, waya uliokatika kwa kufunguliwa kifuniko ni uchakavu? Kwa mtazamo wa juu juu, ndiyo, maana umekwisha kwa kutumiwa. Lakini kifuniko cha kompyuta mpakato kimewekwa ili kifunguliwe. Sehemu ikichakaa mapema kwa tendo ambalo chombo kiliundwa kulifanya, huo ni uchakavu uliozaliwa na kasoro. Twapendekeza kwa hali hii istilahi 'kasoro ya ubunifu', ili itofautiane na 'kasoro ya uundaji', ambayo huipata mashine moja moja kwa uzembe wa kiwandani.

5. Dhamana na jamaa zake

Neno 'dhamana' lina mzigo mzito. Mahakamani mshtakiwa hutoka kwa dhamana. Benki mkopaji huweka dhamana. Mtu mwenye cheo huambiwa amepewa dhamana ya wananchi. Na dukani mnunuzi hupewa dhamana ya mwaka mmoja. Wako waliokimbilia 'waranti' ili kuepuka wingi huo wa maana, lakini 'waranti' nalo lina maana yake katika ofisi za serikali na polisi, ambako hutajwa waranti ya kukamata. Twaona ni heri kubaki na 'dhamana' na kuliongezea kivumishi.

Kwanza kuna 'dhamana ya hiari', yaani ahadi anayoitoa kiwanda au muuzaji kwa kupenda, kwa muda na masharti anayoyaweka mwenyewe. Pili kuna 'dhamana ya kisheria', yaani haki anayokuwa nayo mnunuzi hata kama hakupewa karatasi yoyote. Tofauti hii imeandikwa waziwazi katika Agizo la Umoja wa Ulaya namba 771 la 2019, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Agizo hilo humwajibisha muuzaji kwa muda wa miaka 2, na upungufu ukijitokeza katika mwaka wa kwanza huchukuliwa kwamba ulikuwapo tangu siku ya kukabidhiwa, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Nchini Marekani, Sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 ndiyo msingi. Na mwezi Aprili 2018 Tume ya Biashara ya Shirikisho ilizionya kampuni 6 kuhusu maneno yanayomtisha mteja kwamba dhamana itapotea kwa sababu tu ya kuvunja lakiri au kutumia vipuri vya wengine. Mtafsiri asidhani kwamba sheria hizo zinafuata bidhaa hadi kwetu. Hati iliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya ikitafsiriwa kama ilivyo, itaahidi au kunyima mambo ambayo sheria ya hapa haiyajui.

Nchini Tanzania, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na ile ya Kenya, Sura ya 31, zote zimefuata mfano wa sheria ya Uingereza ya 1893. Sheria hizo hupambanua ahadi mbili. Moja ni ya msingi, na ikivunjwa mnunuzi aweza kuikataa bidhaa. Nyingine ni ya pembeni, na ikivunjwa aweza kudai fidia tu, asiweze kuirudisha bidhaa. Ile ya kwanza tumezoea kuiita 'sharti'. Ya pili mara nyingi imeitwa 'dhamana', na hapo ndipo panapoleta utata, kwa sababu mnunuzi akisikia 'dhamana' hufikiri ni ahadi kubwa kuliko zote, kumbe katika kifungu hicho ndiyo ndogo. Twapendekeza 'ahadi tanzu' kwa maana hiyo ya kisheria, 'dhamana' ibaki kwa ahadi ya dukani.

Jambo hili si la kitaaluma tu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Tangu hapo neno lililoandikwa katika hati ya dhamana laweza kufika mbele ya hakimu kama lilivyo. Sheria ya Ushindani namba 8 ya 2003, iliyoanzisha Tume ya Ushindani, ina sehemu zinazomlinda mlaji. Nayo Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Walaji ya 2012. Malalamiko yanayopelekwa huko hupimwa kwa maneno.

6. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunawapendekezea watafsiri, walimu na watumishi wa serikali matumizi haya:

Skrini au kiwambo: sehemu nzima inayoonyesha picha. Kioo: tabaka la juu tu.

Kiwanda au mwundaji: aliyeunda chombo. Fundi: anayekikarabati. Neno 'mtengenezaji' liepukwe katika hati ya dhamana.

Kuchunguza: kutafuta chanzo bila ya kubadili kitu. Kukarabati: kurudisha chombo katika hali ya kufanya kazi. Kubadilisha kipuri: kuweka sehemu nyingine. Kumbadilishia mteja: kumpa chombo kingine. Kurejesha fedha: kumrudishia alicholipa. Barua iseme ni lipi linaloombwa.

Dhamana imekwisha: muda wake umepita. Dhamana imebatilika: muda ungalipo, lakini sharti limevunjwa. Muuzaji anayekataa atakiwe aseme ni lipi kati ya haya mawili, na kama ni la pili, ni sharti gani.

Hitilafu, kasoro, uharibifu na uchakavu yatumiwe kama yalivyoelezwa katika sehemu ya nne.

Walimu wa Kiswahili wanaofundisha uandishi wa barua rasmi wangefanya vyema kuwapa wanafunzi zoezi la kuripoti hitilafu ya chombo kwa kueleza dalili tu, bila ya kutaja sababu. Ni zoezi gumu kuliko linavyoonekana. Nao watafsiri wa hati za dhamana, kila wanapofika kwenye kifungu cha mambo yasiyofidiwa, wamsomee fundi mmoja na mnunuzi mmoja kabla ya kukipeleka kuchapwa. Wawili hao wakikielewa tofauti, kifungu hicho bado hakijatafsiriwa.